Msichana Aliyekatazwa Kusema

Katika chumba cha kupimia macho cha Daktari Carol Trevarrow kulikuwa na kiti kimoja cha kifalme, ambacho kilikuwa cha mgonjwa, na kigoda kimoja cha mateso, ambacho kilikuwa cha Kaisa Lahti. Kigoda hicho hakikuwa na mgongo wala pa kuegemeza mikono. Kilikaa kwenye pembe, kati ya sinki na pipa la taka, na sheria yake ilikuwa fupi kuliko miguu yake: anayekikalia hasemi.

"Unatazama," daktari alimwambia siku ya kwanza. "Hugusi, husemi, hucheki hata mgonjwa akikuchekesha. Na ukitoka mlangoni, uliyoyaona humu unayaacha humu. Humwambii mama yako, humwambii mchumba wako, humwambii mbwa wako."

"Sina mbwa, Daktari."

"Vizuri. Umebakiwa na wawili tu wa kuwaficha."

Kaisa alikubali kila kitu. Angekubali hata kukaa ndani ya lile pipa. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na alitaka kusomea upimaji wa macho kama wasichana wengine wanavyotaka kuolewa, yaani mchana na usiku, bila kula vizuri. Lakini chuo cha kupima macho, kule kusini mwa jimbo, hakimpokei mtu aliyeipenda kazi hiyo kwa mbali. Sharti kwanza akae na daktari kwa miezi, amtazame akifanya kazi na watu wazima, watoto na wabishi, kisha daktari huyo aandike kwa mkono wake kwamba ndiyo, huyu anajua anachokiomba.

Hapo kulikuwa na tatizo dogo tu. Kuolewa nako alikutaka.

Aliyekuwa akimtaka ni Onni Kemppainen, fundi wa pikipiki za theluji, kijana mwenye mabega kama mlango wa ghala na masikio yaliyosimama wima kiasi kwamba, kwa mujibu wa wanaomtania, usiku wa anga safi yananasa redio za Kanada. Kaisa aliyapenda masikio hayo kwa moyo wake wote. Yalikuwa yakiona haya kabla ya mwenyewe, yakawa mekundu huku uso bado unajifanya mgumu.

Mama yake Onni, Bi Bernice, hakuwa na neno baya juu ya Kaisa, ila moja. "Msichana akienda kusoma kusini miaka minne harudi," alikuwa akisema huku anakanda unga. "Inarudi kadi ya Krismasi."

Basi mambo yalikuwa hivyo, kila mtu akimpenda kila mtu kwa tahadhari, hadi alasiri ile ya Novemba.

Ulikuwa mkesha wa msimu wa kuwinda kulungu, na wanaume wote wa mji wetu walikuwa wamevaa rangi ya chungwa kuanzia kofia hadi viatu, wasije wakapigwa risasi kwa kudhaniwa kulungu, kama karoti zenye miguu. Karoti ya mwisho kuingia chumbani siku hiyo alikuwa Mzee Waino Kemppainen, babu yake Onni.

"Habari za mchana, Carol!" alisema kwa bashasha, akiinamisha kichwa mbele ya koti la daktari lililoning'inia nyuma ya mlango.

"Niko huku, Waino."

"Najua uko huko. Nilianza na mwenye adabu."

Kaisa aliuma midomo yote miwili. Mzee Waino alikuwa mzaha uliovaa suruali. Ndiye aliyewahi kumvisha sanamu wa theluji koti na shali, kisha akampigia mchungaji simu aje haraka kumwombea mlevi aliyeganda. Na mchungaji akaja, akaomba. Kwa sababu hiyo, siku hizi mzee akimimina kahawa pembeni ya kikombe watu hucheka. Akiaga nguzo ya taa, watu hucheka zaidi.

Mzee alipapasa kiti, akakaa. "Na huyu malaika kwenye kigoda? Si mkwe wetu mtarajiwa? Mbona kimya?"

"Haruhusiwi kusema," daktari alisema.

"Ala! Niuzie hicho kigoda, Carol. Nikampelekee Bernice nyumbani."

Daktari Trevarrow hakucheka. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa ukoo wa wale watu waliokuja zamani kuchimba shaba, na alicheka kwenye sikukuu peke yake. "Ofisi ya leseni imekuleta kwangu, Waino. Wanataka niwathibitishie kwamba bado unaona barabara."

"Barabara? Barabara ninaitengeneza mimi!"

Na hilo halikuwa mzaha. Theluji ikianza kwetu haiombi ruhusa kwa mtu. Kila alfajiri ya majira ya baridi Mzee Waino alitoka na pikapu yake yenye bapa kubwa la chuma mbele, akawasukumia theluji wajane wote wa Barabara ya Salo, mlango kwa mlango. Hakudai hata senti. Alilipwa kahawa na nisu, ule mkate wetu mtamu wa iliki, na masengenyo. Asingekuwepo yeye, akina mama wale wangefungiwa majumbani mwao hadi theluji iyeyuke. Na asingekuwa na wao, mzee angebaki na nini? Mkewe alikwisha kufa. Ile pikapu ndiyo iliyokuwa ikimwamsha.

Daktari alizima taa. Mashine ya kurushia herufi ukutani ilianza kunguruma. Ilikuwa ya zamani, na kioo chake cha herufi kilikuwa kilekile tangu Kaisa akiwa mtoto wa kubebwa.

"Funika jicho la kushoto. Nisomee mstari wa chini kabisa unaouweza."

"Ule wa chini kabisa kabisa?"

"Ukiuweza."

Mzee alikohoa kama mwimbaji wa kwaya. "T, Z, K, E, L, C."

Kaisa, kigodani, aligeuka kuutazama ukuta.

"Umekosa moja tu," daktari alisema, na sauti yake ilikuwa na mshangao. "Kwa umri wako, hongera. Sasa funika la kulia."

"T, Z, K, E, L, C."

Vilevile. Kwa mwendo uleule, na kipumziko kilekile kidogo baada ya K, kama mtu anayevuta pumzi ili atabasamu.

Ukutani, herufi ya tatu ilikuwa V.

Sasa sharti tuseme lile ambalo Kaisa alilijua na daktari hakulijua. Kila jioni, wagonjwa wakiisha, daktari alimwachia Kaisa kufuta lenzi na kufunga mlango. Onni alikuja kumchukua, naye Kaisa, kwa kiu ya kazi, alimkalisha kwenye kiti cha kifalme, akazima taa, akamwambia kwa sauti ya daktari, "Nisomee mstari wa chini." Onni alisoma. Alipofika herufi ya tatu alimgeukia, akasema "K", akapumzika kidogo, akatabasamu.

"Hiyo si K, we kiziwi wa macho."

"Mimi naona K. Naona Kaisa."

"Soma vizuri."

"T, Z, Kaisa, E, L, C."

Ulikuwa upuuzi mtamu wa watu wawili, na katika dunia nzima hapakuwa na mtu wa tatu aliyeujua. Mpaka ulipotoka kinywani mwa mzee aliyevaa rangi ya chungwa.

Daktari alikuwa sasa ameusogeza uso wa mzee kwenye mashine nyingine, yenye mwali mwembamba wa taa, anachungulia ndani ya macho. "Ugonjwa wa mtoto wa jicho upo, Waino. Macho yote mawili. Inanishangaza. Nimewaona wenye mdogo kuliko huu wasioona hata mkono wao."

"Sisi Wafini, Carol, tumezoea giza."

"Lakini kama unausoma mstari huu, haujakusumbua. Tutautazama tena mwakani." Akavuta kiti mezani, akachukua kalamu aijaze karatasi ya leseni.

Kaisa aliitazama kalamu ile. Akikaa kimya, Mzee Waino atarudi barabarani alfajiri na tani mbili za chuma, akiongozwa na kumbukumbu. Akisema, atakuwa amevunja sheria pekee aliyopewa, mbele ya mtu pekee awezaye kumwandikia chuoni. Na atakuwa amemvua nguo babu wa mwanamume anayempenda, kwa siri aliyoijua kwa sababu anapendwa.

Sheria ilikataza kusema, kugusa na kucheka. Haikutaja mikono. Kaisa akanyoosha mkono juu, kama mtoto wa darasa la pili anayetaka kwenda chooni.

"Kaisa," daktari alisema bila kugeuka, "shusha mkono."

Hakushusha.

"Kaisa."

"Naomba," Kaisa alisema, na sauti ilimtoka nyembamba kama uzi, "naomba Babu asome kutoka mwisho kurudi mwanzo."

Mashine ilinguruma. Mzee Waino aliugeuzia ukuta uso wake mzuri wenye mikunjo, akatabasamu.

"Kurudi mwanzo," alisema. "Haya. C." Akakaza macho. "C. Halafu... halafu wale wenzake." Alicheka kidogo, akangoja wengine wacheke. "Mzaha tu huo, Carol."

"Waino."

"Naam."

"Hapo ukutani unaona nini?"

Vidole vya mzee vilikuwa vikiikunja na kuikunjua kofia.

"Mwanga," alisema polepole. "Naona mwanga mzuri sana."

Daktari aliweka kalamu chini. "Kaisa, kanisubiri nje."

Alipompita, mzee alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma: "Na Jumamosi nilitaka nikuchomee sauna ya moto kweli." Alimaanisha kile chumba cha mbao cha kuogea mvuke, ambamo Wafini wa kwetu humalizia wiki.

Nje, kwenye chumba cha kungojea, Onni alikuwa amekaa chini ya fremu za miwani, uso umejaa sherehe. Alisimama haraka.

"Amepita?" alinong'ona.

Kaisa alimtazama. "T, Z, K, E, L, C."

Masikio ya Onni yakawaka.

"Ulikuwa ukinitazama mimi," Kaisa alisema, "au ulikuwa ukitazama ukuta?"

"Wewe! Haki ya Mungu nilikuwa nakutazama wewe." Akajikuna shingo. "Ukuta nilianza Oktoba."

"Onni!"

"Ilipokuja ile karatasi ya leseni. Mzee hakulala, Kaisa. Nikamwambia, babu, si lazima uone, ni lazima ujue tu. Tukawa tunaimba kwenye sauna, yeye na mimi. Ilikuwa raha. Ilikuwa kama mzaha mmoja wa zile enzi zake."

"Hata V hukumwambia. Umempa K."

Onni alikunja uso. "Kwani si K?"

"Ni V!"

"V?" Alionekana amepotea kabisa. "Nimesema K mpaka nimesahau kuna herufi nyingine."

Siku nyingine Kaisa angeyashika masikio yale mawili na kumbusu katikati. Siku hiyo alikaa chini ghafla, akaziba uso kwa viganja. "Nimemwambia daktari amsomeshe kinyumenyume."

Onni hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alirudi nyuma hatua moja, akagonga fremu zikaanguka.

"Umemchongea babu?"

"Sikuchongea. Niliuliza."

"Umemvulia babu nguo mbele ya Carol Trevarrow!"

"Na wewe ulinifanya mimi ndoano ya kumvulia leseni! Kila jioni nakaa nafurahi, nadhani nina mchumba, kumbe nina mwanafunzi!"

"Ni leseni tu, Kaisa!"

"Ni pikapu, Onni! Ina chuma mbele!"

Onni aliutazama mlango wa chumba cha kupimia. Kisha akauliza, kwa sauti tofauti, "Ana nini machoni?"

"Muulize mwenyewe."

"Nakuuliza wewe. Atapofuka?"

Kaisa alilijua jibu. Jibu lilikuwa zuri. Lilikuwa limemjaa mdomoni kama asali. Mtoto wa jicho unatolewa. Mtu anaingia asubuhi, anawekewa lenzi mpya, anarudi kwake kunywa kahawa. Lakini yaliyoonekana chumbani yanaachwa chumbani.

"Siruhusiwi kusema," alinong'ona.

Mlango ulifunguliwa. Mzee Waino alitoka, kofia kichwani, mkono mmoja ukutani.

"Babu, amesemaje?"

"Leseni imebaki kwa Carol," mzee alisema, akaupapasa mlango wa nje. "Mengine muulize msichana wako. Ndiye msemaji."

Onni alibaki nyuma kidogo, akimtazama Kaisa kama mtu anayetazama nyumba aliyokuwa akiishi.

"Ulipotakiwa kunyamaza, ulisema," alisema. "Sasa unatakiwa kusema, umenyamaza. Wewe ni mtu wa namna gani, Kaisa?"

Akamfuata babu yake kwenye theluji.

Daktari Trevarrow alitoka baadaye, akaanza kuokota fremu moja moja.

"Sheria ilikuwa moja."

"Ndiyo, Daktari."

"Umeivunja."

"Ndiyo, Daktari."

"Kwenye kigoda hicho wamekaa vijana wengi. Walinyamaza vizuri mno. Majina yao hata siyakumbuki." Aliipuliza fremu vumbi. "Upofu wangu mwenyewe ulinipita, Kaisa. Nilimwona mzee anasalimia koti langu, nikadhani ni mzaha. Kesho uwahi. Tuna watoto wa chekechea, na hao huuma."

Ilikuwa habari njema. Kaisa aliipokea, akaenda kulilia kwenye gari.

Kila Jumamosi, kwa desturi, alikuwa akienda kwa akina Kemppainen. Wanawake huingia sauna kwanza, kisha wanaume, kisha wote hukaa mezani wamekuwa wekundu kama kamba wa baharini waliochemshwa, wanakula soseji na kuchekana. Ijumaa simu ikalia.

"Kaisa, mwanangu," Bi Bernice alisema kwa upole wa kutisha. "Jumamosi hii usijisumbue. Tuna wageni."

"Wageni gani, mama?"

"Watu wasiotunyang'anya leseni."

"Mama Bernice, mimi..."

"Sema, basi. Una la kusema? Mzee haongei. Amekaa dirishani anatazama pikapu, na sijui hata kama anaiona. Wewe ulikuwemo mle ndani. Sema."

Kaisa alibana simu sikioni hadi ikauma. "Mwambieni Babu awaambie."

"Aha," Bi Bernice alisema. "Chuo bado hujaenda, na tayari umeshakuwa kadi ya Krismasi." Akakata.

Theluji ilianguka Jumapili nzima. Jumatatu, kabla hakujapambazuka vizuri, mtu aligonga mlango wa akina Lahti. Kaisa alifungua akiwa na shuka mabegani. Onni alikuwa amesimama kwenye baraza. Mguu wa kulia ulikuwa na buti la kazi. Mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji na kuvikwa slipa ya manyoya ya rangi ya waridi, mali ya Bi Bernice.

Kaisa alikuwa ameapa kuwa mkali. Akaitazama slipa. "Nini hicho?"

"Sauna."

"Sauna imekuvisha slipa?"

"Jumamosi babu alichota maji ya kumwagia mawe, kama siku zote. Unajua jinsi anavyomwaga, kwa madaha, kama askofu. Akachota kwenye sufuria la maji yanayochemka badala ya ndoo. Akainua. Akatoa dua. Akamwaga." Onni aliutazama mguu wake. "Mawe yako kulia, Kaisa. Mimi nilikuwa kushoto."

Mkono wa Kaisa ulienda mdomoni.

"Nikapiga kelele, mama akaingia na taulo la vyombo, mimi nimesimama kama nilivyozaliwa. Babu wa watu akakaa pale kwenye benchi. Akasema, 'Ningeua mtu.' Akarudia. 'Bernice, ningeua mtu.' Ndipo akatuambia yote. Mtoto wa jicho. Hospitalini Marquette, baada ya Krismasi, wanautoa, anaona kama kijana." Macho ya Onni yalikuwa yamelowa, na hakuyafuta. "Wewe ulijua anaweza kupona?"

"Nilijua."

"Siku ileile?"

"Siku ileile."

"Ukakaa kimya, nikakwambia maneno yale. Mama akakutukana kwenye simu, ukakaa kimya."

"Siruhusiwi kusema," Kaisa alisema, na hapo ukali wote aliouapia ukamwagika. Alilia kama mtoto, na Onni alimvuta kifuani, slipa na shuka na theluji vyote pamoja. Alinuka petroli na dawa ya kuungua. Hapakuwa na manukato mengine duniani aliyoyataka.

"Nisamehe," Onni alisema kwenye nywele zake. "Nilikutumia. Sikuliita hivyo, lakini ndivyo."

"Na mimi ningekwambia kwanza, kama ningepata nafasi. Sikuipata."

"Najua."

"Chuo wakinichukua nitaenda, Onni. Nakwambia sasa, usije ukasema sikukwambia."

"Kusini huko, theluji ipo?"

"Kidogo."

"Basi watataka fundi mdogo." Alimwinua kidevu, akamtazama kwa utulivu ambao Kaisa hakuwahi kuuona kwake, utulivu wa mtu aliyeacha mizaha mlangoni. "Kazi isiponitaka huko, nitakaa karibu na anayenitaka."

Kaisa alikuwa ameyashika masikio yale, na uso umeshakaribia, pale honi ilipolia barabarani kwa nguvu ya kuamsha wafu wa Kilutheri.

Pikapu ya Mzee Waino, iliyomleta Onni, ilikuwa imesimama kwenye theluji, moshi unafuka. Bi Bernice alishuka kwenye usukani akiwa na koti juu ya nguo ya kulalia. Alipofika barazani alimtazama Kaisa, akaitazama slipa yake, akamtia Kaisa mkononi mkate wa nisu uliofungwa kitambaa, bado wa moto.

"Mimi naweza kuendesha mpaka hapa," alisema. "Kusukuma theluji siwezi. Kula kwanza, umekonda." Akaingia jikoni kwa akina Lahti kutafuta kahawa, na hiyo, kwa wanaomjua Bi Bernice, ilikuwa toba kamili.

Mzee Waino alikuwa kwenye kiti cha abiria, mikono magotini. Alishusha kioo.

"Wajane wamefungiwa," alisema. "Mguu wa Onni hauingii kwenye kiatu. Macho yangu hayaingii kwenye sheria. Umebaki wewe."

"Babu, sijawahi kuendesha yenye bapa."

"Umeninyang'anya usukani. Sasa ushike."

Wakabanana watatu mbele, Onni katikati, mguu wake wa waridi juu ya kisanduku cha vifaa. Mzee alitoa amri. Shusha bapa. Polepole. Usimguse Hiltunen.

"Hiltunen yuko wapi?" Kaisa alipiga kelele.

"Boksi lake la barua! Liko huku njia kuu, kushoto, baada ya msonobari."

"Umelijuaje, Babu, huoni?"

"Nimeligonga kila mwaka, nisilijue?"

Kucheka kulikuwa kumeanza kuwapata, na mapambazuko yalikuwa ya buluu, pale walipofika kwenye kona ya Barabara ya Salo na Kaisa akakanyaga breki. Pikapu iliteleza kidogo, ikasimama.

"Mbona umesimama?" mzee aliuliza. "Hapa ni wazi."

"Watoto, Babu. Wanasubiri basi la shule."

"Wapi?"

"Hapo mbele. Wamekaa juu ya rundo la theluji."

Mzee Waino alifuta kioo kwa mkono wa koti. Akafuta tena. Akainama hadi paji la uso likagusa kioo.

"Wangapi?" aliuliza.

"Wanne. Mmoja mdogo sana, ana kofia ya kijani."

"Huyo ni mtoto wa akina Niemi," mzee alisema, taratibu. "Ndiyo kwanza kaanza shule." Aliegemea kiti, na Onni akaushika mkono wake, na Kaisa akangoja hadi basi lilipowachukua wote wanne, kofia ya kijani ya mwisho, kabla hajashusha bapa tena.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane Hiltunen. Alikuwa tayari mlangoni, shali kichwani, birika mkononi, akiwatazama wakija kwa kuyumba na kuchimba bustani yake ya maua.

"Waino!" aliita. "Umelewa asubuhi hii? Nani huyo kwenye usukani?"

Mzee Waino alishusha kioo. Kaisa aliushika usukani kwa mikono miwili, akingoja mzaha.

"Wa kwetu," mzee alisema. "Leta vikombe vinne."